Peugeot 504 ya mzee imelala miaka mingi? Usipige stata kwanza

Simu nyingi tunazopokea hapa gerejini Mombasa zinafanana: mzee aliiacha 504 chini ya mwembe, familia imeamua kuifufua, na kijana mmoja keshanunua betri mpya ajaribu kuiwasha. Tafadhali mzuieni. Injini nyingi za namna hii zinaokolewa kabisa, ila zikiharibika, huharibika siku hiyo ya kwanza.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo upenyo mwembamba kati ya nati na bolti hujaa hadi vikashikana. Huku pwani upepo wa bahari unaleta chumvi, na kazi hiyo inakwenda mbio. Ndani ya injini ni vivyo hivyo: silinda ambayo valvu zake zilibaki wazi huingiza hewa yenye unyevu, na ringi za pistoni zinaganda ukutani. Ukipiga stata, au ukiivuta gari ikiwa kwenye gia, ringi hukatika na konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), inaweza kupinda.

Sisi tunatoa plagi, tunamimina ATF (mafuta ya gia otomatiki) iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, kisha tunaiacha. Wiki moja si ajabu. Baadaye tunashika nati ya mbele ya kranki kwa spana na kuisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kuchomeka bomba refu la kuongeza nguvu. Wateja wakiona gari haijaguswa siku kadhaa hudhani tumeisahau. Hatujaisahau, mafuta bado yanapenya.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kwenye 504 ya petroli, slivu (mirija ambamo pistoni hutembea) hazikuchongwa pamoja na bloku: zimechomekwa, maji yanazizunguka, na chini zina sili. Hedi ni ya alumini. Iliyoganda ukiinyanyua moja kwa moja juu, huvuta slivu pamoja nayo, sili zikaachia, na maji yakaingia kwenye oili. Lazima kwanza itikiswe kuelekea pembeni mpaka iachane na gasketi, kisha slivu zibanwe kwa bolti na washa kabla mtu hajazungusha kranki. Ukituletea gari ambayo hedi imeshatolewa nyumbani, hilo ndilo swali letu la kwanza: kranki ilizungushwa?

Kwa nati za chini ya gari tunasugua kwa brashi ya waya, tunapaka mafuta ya kupenya (asetoni na ATF nusu kwa nusu yanafanya kazi nzuri sana) na tunatumia soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili hula kona. Nati tunaikaza kidogo kwanza ndipo tufungue. Ikikataa, tunaipasha moto nati yenyewe ili itanuke. Asetoni inawaka vibaya, kwa hiyo moto haufuati mahali palipopakwa leo, wala hausogei karibu na tangi. Bolti ikikatika, tunachomelea nati mpya juu ya kisiki chake. Joto la kuchomelea nalo husaidia kuilegeza.

Breki, hata zikionekana nzima, tunazifungua zote, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu na pistoni za kaliper zinashika kutu. Hendibreki ikiwa ilivutwa miaka yote, bitana zimegandamana na drami. Usiigonge drami ukingoni kwa nyundo, ni chuma cha kalibu na inapasuka. Legeza adjasta kwanza. Vumbi la bitana za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lilowesheni maji, msilipulize.

Bei ya mwisho hatutaji kwa simu. Unalipia ukaguzi, halafu tunakuambia kila hatua kabla ya kuianza, na bloku ikiwa imepasuka tunasimama hapo. Ukitupigia, tuambie gari imelala muda gani, rejeta ilikuwa na maji au la, na hendibreki iko juu au chini.