Kabla ya kununua kiti cha cherehani, pima meza

Kumi la mwisho la Ramadhani likikaribia, hapa karakanani kwetu kwa useremala, Ngamiani, Tanga, huanza kuingia mafundi cherehani wameshika viuno. Madera ya Idi yamejaa mifukoni, simu za wateja hazikatiki, na mtu hukaa kitako tangu baada ya futari mpaka daku. Ombi lao huwa lilelile: "Nataka kiti kizuri, chenye sponji nene."

Sisi tunauliza kwanza meza yako ina kimo gani. Wengine hudhani tunawazungusha.

Majuzi alikuja mama mmoja wa Chumbageni, mshonaji wa mifarishi, yale matandiko mazito ya viraka yenye pamba katikati. Ana cherehani ndogo ya umeme, ameiweka juu ya meza ya kulia chakula. Alishanunua viti viwili, cha pili kile cha ofisi cha kuzunguka, na bado mabega yanawaka moto. Tukaenda na futi. Meza sm 75, kitako cha cherehani sm 7 juu yake, kwa hiyo kitambaa kinapita kwenye sm 82. Mama akiketi, kiwiko chake kiko sm 68 kutoka sakafuni. Yaani anashona kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Akipandisha kiti, miguu inaning'inia na pedali haifikii.

Hapo kiti hakina kosa. Tulikata miguu ya meza sm 9, tukamtengenezea kimeza cha kuweka kushoto, kibebe uzito wa kazi, maana mfarishi wa kitanda cha futi sita ukiachwa uning'inie hukuvuta mikono na kuupindisha mshono. Kiti tulimwachia kilekile, tukatoa matairi tu. Sakafu yake ni ya vigae, na kila akikanyaga pedali kiti kilikuwa kinarudi nyuma kama kimeitwa.

Nawe jipime hivyohivyo. Kaa, shusha mabega, kunja mkono. Kiwiko kiwe sawa na pale kitambaa kinapopita chini ya sindano, au chini yake kidogo. Nyayo zilale sakafuni. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipenye vidole vitatu. Na ukae usawa wa sindano, si katikati ya cherehani. Wengi wanakaa katikati, kisha wanashinda wamepinda shingo kushoto bila kujua.

Cherehani ya kukanyaga ina mambo yake. Pale miguu haipumziki, paja linapanda na kushuka siku nzima, kwa hiyo ukingo wa mbele wa kiti ndio kila kitu. Hili tulijifunza kwa aibu. Viti vyetu vya kwanza vya mtiki vilikuwa vinapendeza, ubao umenyooka, kona kali. Bibi mmoja wa Makorora akakirudisha chake baada ya wiki mbili, kakibebesha mjukuu. "Mwanangu, kiti kizuri, ila miguu yanifa ganzi." Tukakigeuza: pale paja linapogusa, ubao ulikuwa umeshaanza kung'aa kwa msuguano, mstari mwembamba kama uzi. Tangu siku hiyo ukingo wa mbele tunaushusha kwa randa mpaka uwe mviringo, kisha ndipo msasa.

Kama huna fedha ya kiti kipya sasa hivi, kiti chako cha plastiki kina dawa ndogo. Shida yake ni kwamba kinalala nyuma, kimetengenezwa kwa mtu wa kupiga soga barazani. Weka kibao cha sm 2 chini ya miguu ya nyuma, kiwe na vishimo ili isiteleze. Kiuno kitasimama chenyewe. Kikiwa na mikono inayogonga meza, hicho hakifai, tafuta kingine.

Kuhusu sponji nene: nene si lazima iwe nzuri. Bonyeza kwa kidole gumba. Kikigusa ubao, basi hiyo italala kabla ya Idi ya pili. Inchi 2 za sponji ngumu zinatosha. Kwa joto la Tanga, mimi binafsi napenda kiti cha kusukwa kwa kamba ya mkonge, hewa inapita na dera haligandi mgongoni. Ila nisikufiche, kamba hulegea kwa matumizi, itabidi uikaze tena. Kwetu kukaza ni bure mara ya kwanza.

Na hata tukikutengenezea kiti cha sultani, usikikalie saa tatu mfululizo. Kila bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikiisha, simama, ujaze nyingine ukiwa wima.

Ukija, njoo na vipimo vitatu: sakafu hadi juu ya meza, sakafu hadi nyuma ya goti, na kutoka unapokalia hadi kiwiko. Useme pia cherehani yako ni ya umeme au ya kukanyaga. Kama una kile kimto cha vipande vya vitambaa ulichojishonea mwenyewe, kilete nacho, kwa sababu pale kilipobonyea ndipo mwili wako unapoegemea. Ijumaa tunafunga saa sita, tunafungua saa nane.