Risala ya Klabu ya Historia na Uraia kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Òscar Ribas Reig wa Andorra

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kujumuika nasi katika siku ya klabu. Mwaka huu tumejifunza habari za Òscar Ribas Reig, mfanyabiashara wa benki aliyekuwa Mkuu wa Serikali wa kwanza wa Andorra, na tunaomba utusikilize tukueleze kwa nini tumemheshimu kiasi hiki.

Ndugu Mgeni Rasmi, Andorra iko katika milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, na eneo lake la kilomita za mraba 468 halifiki theluthi moja ya kisiwa cha Unguja. Tangu mapatano ya mwaka 1278 nchi hiyo ina watawala wenza wawili: mmoja ni Askofu wa Urgell, jimbo la Kanisa Katoliki lililoko Hispania, na wa pili siku hizi ni Rais wa Ufaransa, aliyerithi haki za wakuu wa Foix, eneo la kusini mwa Ufaransa, kupitia wafalme wa nchi yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waandora bado walikuwa wakitoa kodi ya utii kwa zamu, mwaka mmoja faranga 960 kwa Ufaransa, na mwaka unaofuata peseta 460 kwa Askofu, pamoja na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, jibini na kuku.

Ribas Reig alizaliwa mwaka 1936 Sant Julià de Lòria, mji wa mpakani uliojulikana kwa tumbaku. Aliingia katika siasa za nchi ambayo Baraza Kuu ndilo lililotunga sheria na ndilo lililotawala, mpaka mageuzi ya mwaka 1981 yalipoitenga serikali na baraza hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1982 akachaguliwa kuiongoza serikali hiyo mpya. Kabla mwaka haujaisha, mwezi Novemba, mvua kubwa ziliufurisha mto Valira, maji yakabomoa barabara na madaraja, na serikali changa ikajikuta inahitaji fedha ambazo haikuwa na njia ya kuzipata, kwa kuwa watu wa Andorra hawakuwa wakitozwa kodi ya mapato.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi katika mijadala yetu. Uchumi wa Andorra ulistawi kwa sababu bidhaa ziliuzwa bila ushuru mkubwa na benki zilitunza fedha bila kuulizwa maswali mengi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa benki, na wafanyabiashara walikuwa wenzake. Hata hivyo, serikali yake ilipendekeza kodi ya mapato. Mabishano yakavutana kwa muda mrefu, na mwezi Aprili 1984 serikali ikajiuzulu. Wapo wenzetu wanaosema alishindwa kuwaandaa watu, nasi hatuwabishii sana, lakini tunaamini kwamba kumwomba mwenye mali mwenzako achangie nchi ni jambo gumu kuliko kumwomba maskini, na yeye alilifanya. Kodi hiyo ilianza kutozwa Andorra mwaka 2015, naye akiwa bado hai.

Alirudi madarakani mwaka 1990. Makubaliano ya umoja wa forodha na Jumuiya ya Ulaya yalianza kutumika Julai 1991, kisha ikaja kazi iliyobaki na jina lake: katiba ya kwanza iliyoandikwa. Ilibidi kujadiliana na wajumbe wa Rais François Mitterrand na wa Askofu Joan Martí Alanis, ili watawala wenza wakubali kubaki wakuu wa nchi huku mamlaka yakiwa ya wananchi. Tarehe 14 Machi 1993 karibu robo tatu ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kwa katiba hiyo vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi vikawa halali.

Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Andorra ilipokewa Umoja wa Mataifa, na Ribas Reig akahutubia kwa Kikatalani, lugha ya kwao. Sisi tunaoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai tulilisoma jambo hilo kwa furaha kubwa.

Katika uchaguzi wa Desemba 1993, wa kwanza chini ya katiba mpya, chama chake kilipata viti 8 kati ya 28. Aliunda serikali kwa msaada wa wengine, lakini mwishoni mwa mwaka 1994 baraza lilimnyima imani, akaondoka kwa utaratibu uleule uliowekwa na katiba aliyoipigania. Marc Forné akashika nafasi yake. Ribas Reig alifariki dunia Desemba 2020.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Nakala za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania zilizomo maktabani ni chache na zimechakaa, nyingine kurasa za haki na wajibu zimechomoka, nasi tunagombania kuazima. Tunaomba utusaidie kupata nakala mpya za kutosha darasa zima, ili mwakani tuisome katiba yetu ibara kwa ibara kama tulivyoifuatilia ya Andorra.

Tunaomba kuwasilisha.