Mwanangu, kabla hujazigusa kaseti za babu

Mbukwa, mwanangu.

Umeniuliza kwa nini babu yako huzima redio nyimbo mpya zikianza, na kwa nini aliukataa hata ule muheme, ngoma yetu ya Wagogo, uliopigwa upya studio kwa kinanda. Usimwone mkaidi. Kwa kuwa ndiwe utakayehamishia kaseti zake za Chamwino kwenye kompyuta, elewa kwanza sikio lake lilivyojengwa.

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto wa miezi 6 hutambua kosa hata katika mapigo ya ugenini, ila wakifika miezi 12 wameshaegemea mapigo ya kwao. Baadaye huja ule umri wa miaka 10 hadi 30, ambao wazee wengi hukumbuka mambo yake kuliko ya miaka mingine: ndipo panapokaa jando, uchumba, kazi ya kwanza, na nyimbo zilizopigwa siku hizo. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki waupendao, wakaona dopamini, kemikali ya raha ya ubongo, inatoka mara mbili: utamu unapofika, na hata kabla, mtu anapoungojea. Hapo ndipo penye siri. Anayeujua wimbo anajua kiitikio kinaingia wapi, na mwili wake unakingoja. Ukikisogeza, umemnyima alichokuwa akikingoja.

Sasa kile kinanda. Kinanda hugawa oktavu, yaani umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake, katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja ikiitwa nusu-toni. Ilimba (sanduku lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole) na zeze za Wagogo, na waimbaji wanaozifuata, hutumia ngazi inayotokana na sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya chini. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini kuliko ile ya kinanda iliyo karibu nayo, kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Kwako ni kidogo. Kwa aliyekua akiisikia ilimba, wimbo mzima umepinda, na mimi namuunga mkono.

Haya, kazi yenyewe. Safisha hedi ya redio kaseti, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, uiache ikauke. Rola ya mpira, ile inayovuta utepe, ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, maana spiriti hukausha mpira. Kila kaseti ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza. Iliyokaa miaka mingi hugandana, na ukiicheza ghafla hujivuta au kukatika. Zile za dakika 90 uziangalie zaidi, kwa sababu utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60.

Kisha pima mwendo, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 huisha kwa dakika 30 na kidogo. Ukifika dakika 33, belti ya mota imelegea au betri zimechoka, na sauti imeshuka karibu nusu-toni mbili. Babu atasema huyo anayeimba si yule anayemjua, na atakuwa sahihi. Badilisha belti, usijaribu kurekebisha kwa kompyuta wakati mashine yenyewe inayumba.

Unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kurekodia la kompyuta. Sauti ya redio iwe theluthi, na mshale wa kurekodi usigonge mwisho hata ngoma zikipanda, kwani sauti iliyopasuka haitengenezeki. Rekodi kwa WAV, faili isiyobana sauti; dakika 90 zitachukua karibu megabaiti 950. Hizo ndizo za kuhifadhi. Za kumsikilizisha babu zigeuze MP3, faili ndogo iliyobanwa, takriban megabaiti moja kwa dakika.

Tafadhali usitumie programu ya kuondoa kelele. Ule mvumo wa ilimba umewekwa makusudi: kuna vipete vinavyotetema kwenye vyuma vyake, na utando wa buibui hubandikwa juu ya tundu la sanduku. Programu huuona kuwa uchafu na kuufuta, ukabaki na ilimba iliyokufa. Mkwaruzo wa kaseti uache, hata huo ameuzoea.

Usimchezee nyimbo hizo kwa spika ya simu. Haitoi sauti za chini, na ngoma za muheme, zile akina mama wanazozibana mapajani, zitasikika kama makopo. Tumia spika kubwa, sauti ya wastani, uimbaji uwe mbele, kwa kuwa masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti za juu na maneno humpotea. Cheza wimbo mzima, usikate katikati.

Majina aliyoandika kwenye makasha yanakili kama yalivyo, pamoja na jina la kijiji. Pale ambapo wino umefutika, mchezee wimbo kwanza, kisha muulize ni wa nani. Spiriti na pamba nimempa mjomba wako, anakuja huko Jumamosi.

Baba yako
Dodoma