Usilipe hiyo kongamano

Beste,

Sasa? Natumai mvua ya Eldoret imepungua na mathee anaendelea poa, msalimie sana mwambie ule ugali wake wa wimbi bado nauwaza. Nimeona imeli umenitumia jana usiku, ile ya watu wa kongamano ya Dubai wanataka ulipe ndio uwasilishe pepa yako ya vile apu za delivari zinasukuma watu wa boda kwa mbinu za gemu, nikaamua nikuandikie barua nzima badala ya kukujibu na meseji, manake maneno ni mengi na nakujua, saa hii ushaanza kutafuta mtu wa kukukopesha.

Usilipe. Hebu soma tena hiyo imeli pole pole. Ulituma ikisiri Jumatatu, Jumatano washaikubali, hakuna mtu ameuliza hata swali moja, alafu kwa hiyo hoteli ya Dubai siku hiyo moja kuna gemu, kilimo, uuguzi na ujenzi wa barabara. Ni nani hapo atakaa chini asikilize mambo ya watu wa boda wa Ngara, Nairobi? Utasoma slaidi zako dakika kumi, upewe cheti, na fizi ya semista imeenda hivo. Kongamano ya ukweli inaweka wazi majina ya kamati inayohakiki pepa, na ukiyatafuta unapata ni watu wa hiyo fani kabisa, na pepa za miaka ya nyuma ziko mahali unaweza kuzifungua ukaona kiwango. Tafuta za hao watu wako za mwaka jana. Mimi nimetafuta, hakuna.

Sasa nikuambie zile za watu wa gemu wenyewe. Mama yao wote ni DiGRA, hicho ni chama cha watafiti wa gemu, kongamano yao ya kwanza ilikuwa Utrecht mwaka wa 2003 na tangu hapo wamezunguka Vancouver, Tokyo, Melbourne, Turin, Kyoto, Krakow, Guadalajara, na 2025 wakawa Malta. Afrika bado, na hiyo inaniuma sana, nitairudia. Hapo DiGRA utapata watu wa falsafa, wa fasihi, wa sosholojia, mtu amecheza gemu moja miaka na anaichambua vile sisi tulikuwa tunachambua ushairi fomu three. Alafu kuna CHI PLAY, ilianza Toronto 2014, iko chini ya ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, hiyo ni ya watu wa kompyuta na saikolojia zaidi, utafiti wa mahojiano kama wako wanaukubali ila ushindani ni mkali. Hawaii nako kuna HICSS kila Januari, kongamano ya mifumo ya kompyuta, na ina kikao chake cha gemifikesheni, yaani kutumia mbinu za gemu kwa mambo si gemu.

Lakini yako wewe ni GamiFIN. Hiyo ni ya gemifikesheni tupu, ilianza Pori huko Finland 2017, na kuna miaka imefanyiwa Levi, juu kabisa Lapland, mahali watu huenda kuteleza kwa theluji, kwa hivyo ukipita usahau kabisa ile jaketi yako ya jinzi. Ni ndogo, na kwa mtu anaanza hiyo ndo raha yake, manake yule umesoma pepa yake usiku ndo unakunywa naye kahawa asubuhi. Na pepa zake zinawekwa CEUR, tovuti ya pepa za makongamano, bure, mtu yeyote anasoma, hata supavaiza wako ambaye huwa anasema maktaba haijalipia jarida.

Sababu nakusukuma hivi ni kwamba swali kubwa la hawa watu bado liko wazi na wewe una jibu lake mkononi. Unajua ile maana ya gemifikesheni kila mtu ananukuu ilitoka kwa kongamano, Tampere huko Finland 2011, Deterding na wenzake watatu, kwamba ni kuchukua vipande vya ubunifu wa gemu na kuviweka mahali si pa gemu. Miaka mitatu baadaye, 2014, Hamari, Koivisto na Sarsa wakaenda hiyo ya Hawaii na pepa ya kuuliza kama kweli hii kitu inafanya kazi, wakapitia tafiti 24, wakasema ndio kwa kiasi kikubwa inafanya, ila inategemea sana imewekwa wapi na anayeitumia ni nani. Sasa beste, hiyo "inategemea" ndo mlango wako.

Kumbuka ile jioni tulikuwa steji ya Ngara mvua inapiga vibaya na yule kijana wa delivari akakataa kwenda nyumbani. Simu yake ilikuwa kwa karatasi ya plastiki imefungwa kwa usukani na rababendi, akatuonyesha kwa apu ya kazi ule mstari wa kijani wa safari amefanya umejaa karibu wote, kando kuna kapicha ka moto kanawaka, imebaki safari mbili kabla ya saa sita usiku apate bonasi. Glavu zimelowa, hajakula tangu chai ya asubuhi. Akasema "nikienda saa hii, hizi zote nimefanya tangu asubuhi ni kama sikufanya." Mimi hiyo sentensi sijawahi kuisahau na naona haijaingia kwa rasimu yako! Iweke juu kabisa. Kwa apu ya kujifunza Kifaransa ukipoteza ule moto wako wa siku mfululizo unakasirika kidogo unalala, huyu kijana akiupoteza rent haitoshi, na ni mchoro ule ule, rangi zile zile, ujanja ule ule. Hiyo tofauti ndo pepa yako. Hayo mambo mengine yote, majedwali na ile historia ndefu ya boda boda, ni ya kusindikiza tu.

Na ondoa ile sehemu unaeleza Kenya iko wapi na ina watu wangapi. Nimeona vile watu wetu huandika, kurasa mbili za kujitetea kwa nini Nairobi, na mtu ametoka Tampere haelezi kwa nini Tampere. Anza na hoja yako. Nairobi ni mahali hii kazi inafanyika na hoja ni ya kila mahali mtu analipwa kwa apu.

Vitu vidogo sasa. Andika wazi kwamba ulipata leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya kuruhusu utafiti, na kwamba wale uliwahoji walikubali wakijua ni ya nini, wahakiki wanaangalia hiyo sana hasa ukiandika juu ya watu wanaogopa kufungiwa akaunti. Soma maagizo uone kama pepa inahakikiwa bila jina, na kama ni hivo ondoa jina la chuo pia, ondoa namba ya leseni, na uangalie propati za faili manake laptopu huacha jina lako hapo bila kukuambia. Viza usiingoje, ile ya Schengen ya kuingia Finland ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukinyimwa hazirudi, kwa hivyo siku ya kukubaliwa waombe barua ya mwaliko hapo hapo na uwaulize kama mtu anaweza kuwasilisha kwa mtandao. CHI PLAY nao huchukua wanafunzi wa kujitolea, unasaidia kwa vikao na hulipi kiingilio, hiyo weka akilini ya mwaka ule mwingine.

Nilisema nitarudia Afrika. AfriCHI, kongamano ya Afrika ya utafiti wa vile watu hutumia kompyuta, ya kwanza kabisa ilifanyiwa hapa hapa Nairobi 2016, ikaenda Windhoek 2018, kwa hivyo asituambie mtu haiwezekani. Na mchezo tunao! Alexander de Voogt alitoka Uholanzi akakaa na mabingwa wa bao Zanzibar na 1995 akapata PhD yake Leiden kwa hiyo kazi, akiuliza kichwa cha bingwa kinabeba hesabu ngapi za kete. Ni kazi nzuri na naiheshimu, lakini Lamu, ambako pia wanacheza bao, ni basi moja na boti, na sisi wa hapa tunaandika nini? Nataka tuanze na mchana mmoja tu, chumba cha bure chuoni, watu kama wanane wanaofanya mambo ya gemu, kamari, apu za shule, kila mtu alete kitu hakijaisha na wengine wakipige maswali. Watu wawili washaniambia wako ndani. Wewe uwe wa kwanza kuwasilisha, hata kama utapanda matatu ya usiku.

Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, ile yenye huyo kijana wa Ngara juu, nitaisoma wikendi na nitakuwa mkali. Na hao wa Dubai wakikupigia usishike simu.

Wako,
beste wa Ngara