Sukari guru ipimwe kwa ubora, si kwa weupe

Mhariri,

Mnunuzi wa sukari guru akifika kijijini huvunja kipande, hukitazama juani, na bei hutoka hapo hapo. Cha manjano kinalipwa vizuri, cha kahawia kinapunguziwa. Ndiyo maana familia zinazopika nyumbani hapa Busoga, mashariki mwa Uganda, zinashawishika kutia hidrosi, ile poda nyeupe ya kung'arisha, kwenye karai. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini poda hiyo haifai, na jinsi rangi safi inavyopatikana bila kuitumia.

Hidrosi huficha rangi kwa muda tu. Sukari guru ikikaa ghalani wiki kadhaa, weusi hurudi, na mnunuzi wa pili ndiye anayepata hasara. Humo ndani hubaki salfa dioksaidi, ambayo inaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu. Isitoshe, poda haiondoi uchafu wowote. Udongo, nta na utomvu wa muwa vyote vinabaki vilevile, ila havionekani.

Weusi huanzia shambani. Muwa mchanga una glukosi na fruktosi nyingi kuliko uliokomaa, na sukrosi, ile sukari inayoganda, ni kidogo. Glukosi na fruktosi hazigandi kwa urahisi, tena huungua haraka zikikutana na moto, kwa hiyo kosa moja linaleta hasara mbili: tonge laini na rangi nyeusi. Muwa wa kupandwa uachwe miezi 16 hadi 18. Ule wa machipukizi ya shina lililokwisha katwa huwahi zaidi. Tafuna pingili ya chini, kisha ya juu. Kama ya juu bado ni ya majimaji, subiri. Mwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia sukari katika maji ya muwa, atafute kipimo cha 18 au zaidi, tena ncha na shina visiachane sana.

Kosa la pili, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuchelewa kukamua. Muwa uliokatwa hauko tuli. Sukrosi yake inaanza kuvunjika, na bakteria wanaoingia penye jeraha la panga hutengeneza utelezi unaofanya maji ya miwa yawe mazito na yakatae kuchujika. Kata jioni, kamua asubuhi; saa 24 ndiyo mwisho. Muwa ulioungua shambani huharibika upesi zaidi, usiutumie kwa sukari guru. Kata kiasi cha karai lako tu. Karai la lita 200 linahitaji kama kilo 360 za miwa, kwa sababu mashine ndogo ya magurudumu matatu ya kukamua hutoa kilo 55 hadi 60 za maji katika kila kilo 100. Ondoa majani makavu, kata pingili mbili tatu za juu, osha matope.

Maji yakichujwa yaachwe yatulie nusu saa, si zaidi, la sivyo yanachachuka. Hapo ndipo kazi ya usafi inapoanza, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Moto wa mwanzo uwe wa polepole. Kabla maji hayajachemka, utando mzito wa kijani na kahawia hupanda juu. Utoe wote kwa upawa wa matundu. Ukiacha karai lichemke kwa nguvu kabla ya kuutoa, utando huo hupasuka, hurudi ndani, na hautatoka tena. Bamia husaidia sana: ponda mashina yake mabichi, yaloweke mpaka maji yawe ya utelezi, chuja, kisha mimina lita moja au mbili katika karai la lita 200 wakati maji ni ya moto lakini hayajachemka. Utelezi hukamata chembe ndogo na kuzipandisha juu.

Maji ya miwa yana ukali kidogo, pH yake (kipimo cha ukali; kikipanda, ukali umepungua) ni kama 5.2 hadi 5.5. Maji ya chokaa huipandisha hadi 6.2 au 6.5, na sukari guru huganda vizuri zaidi. Tumia chokaa ya chakula, wala si ya kujengea, na upime kwa karatasi za kupimia pH kila unapoongeza kidogo. Chokaa ikizidi, sukari guru huwa nyeusi na huacha ladha ya ardhi mdomoni. Asiye na karatasi hizo ni heri aache chokaa kabisa atumie bamia peke yake.

Baada ya hapo chemsha kwa nguvu. Karai liwe pana na la kina kifupi, maana mvuke hutoka juu. Pipa lililokatwa ni refu mno na huunguza chini. Pipa lililowahi kubeba dawa za shamba lisikaribie jiko hata likioshwa mara ngapi. Povu likipanda, tone la mafuta ya kula hulishusha. Makapi ya miwa yanatosha kuwa kuni, ila yaanikwe siku mbili tatu za jua kali, kwani yanapotoka kwenye mashine karibu nusu ya uzito wake ni maji. Makapi mabichi hutoa moshi mwingi na moto dhaifu. Mapishi yanakawia, na kila dakika ya ziada inaongeza weusi.

Sasa kipimajoto. Maelezo mengi yameandikwa kwa watu wa pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Jinja na Kaliro ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, iliyo juu zaidi milimani, huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi. Anayengoja nyuzi 118 za kitabu hapa kwetu atakuwa amekwisha unguza karai. Njia sahihi ni kuchemsha maji matupu asubuhi ile ile, kusoma kipimajoto, kisha kuongeza. Kwa shira ya miwa ongeza nyuzi 7 hadi 8. Kwa sukari guru ongeza 16 hadi 18. Thibitisha kwa kikombe cha maji baridi: tone la sukari guru iliyoiva hufinyangika kuwa gololi ngumu. Punguza moto mapema, kwa kuwa tanuri la makapi halizimiki mara moja, na dakika za mwisho ndizo zinazounguza. Karai likishateremshwa, koroga polepole linapopoa, usipigepige, kisha mimina katika kalibu za mbao zilizoloweshwa. Lita 200 za maji mazuri zitakupa kilo 35 hivi.

Tuseme neno kuhusu shira, kwa sababu inaokoa miwa ambayo sukari guru inaikataa. Pingili za juu na muwa usiokomaa sawasawa, vyenye glukosi na fruktosi, hufanya shira isigande chupani. Hata maji ya limau kidogo, ambayo ni adui wa sukari guru, huisaidia shira, kwani ukali wake huvunja sukrosi kuwa sukari hizo mbili. Lita tano na nusu hadi sita za maji hutoa lita moja. Ijazwe ingali ya moto, zaidi ya nyuzi 85, katika chupa kavu zilizochemshwa. Ikiwa nyepesi itachacha. Ikiwa nzito mno itaweka chenga chini.

Huko Quebec, Kanada, familia za wakulima hutoboa miti ya mepo mwishoni mwa majira ya baridi, usiku wa barafu ukifuatwa na mchana wenye joto. Maji ya mti huo yana sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo huchemsha lita 40 kupata lita moja. Sisi tuna asilimia 18, na bado wengi wetu tunapakia miwa mizima kwenye lori. Lakini la kujifunza zaidi kwao ni soko. Shira ya mepo hutangazwa kwa rangi nne, kutoka ya dhahabu hadi nyeusi sana, na zote nne ni daraja la kwanza mradi uzito wake umepimwa na ladha ni safi. Mteja anachagua ladha anayoipenda. Hakuna anayelazimishwa kung'arisha.

Watoto katika kazi hii waanike makapi na kufunga matonge, baada ya shule. Magurudumu ya kukamua yawekewe ubao mrefu wa kusukumia miwa, mkono usiyafikie. Shira ya nyuzi zaidi ya 100 hunata kwenye ngozi na huendelea kuunguza, kwa hiyo mtoto yeyote asisimame karibu na karai linaloteremshwa.

Mwisho, sukari guru hunyonya unyevu. Pika katika miezi ya kiangazi, ifunge kwa majani makavu ya migomba na nailoni juu yake, iweke juu ya mbao, uimalize kabla ya mvua za Machi na Septemba.

Tunaliomba gazeti lako, linapochapisha bei za mazao, litaje bei ya sukari guru isiyotiwa dawa peke yake, ya manjano na ya kahawia. Na tunawaomba maofisa kilimo wa wilaya waje na karatasi za kupimia salfa siku za soko, ili mnunuzi ajue anacholipia.

Wapika sukari guru,
Kaliro