Mbwa mwenye mzio wa ngozi aandikiwe mpango wa mwaka mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niwaombe madaktari wa mifugo, wenye maduka ya dawa za mifugo na sisi tunaofuga mbwa hapa Arusha na jirani zetu wa Moshi tukubaliane juu ya jambo moja: mbwa akishathibitika kuwa na mzio wa ngozi, daktari asiagane na wenye nyumba kabla ya kuandika mpango wa matibabu wa mwaka mzima, kwa Kiswahili, na kuukabidhi kwa mtu atakayeutekeleza kwa mikono yake mwenyewe.

Ninaozungumzia hapa ni mzio wa kudumu, ambao mbwa huzaliwa na mwelekeo wake na ambao kwa kawaida huanza kujitokeza akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Mwili wake hupambana na vitu ambavyo mbwa wengine hawavihisi kabisa, kama vile utitiri wa vumbi la ndani ya nyumba, chavua za nyasi na miti, na kuvu. Mbwa hujikuna, hulamba nyayo hadi manyoya yanageuka rangi ya kutu, masikio huwa mekundu, na ngozi ya tumboni na kwapani huota vipele. Ngozi ikishachubuka, bakteria na hamira, aina ya kuvu wadogo, huzaliana juu yake, na hapo ndipo ile harufu inayowafanya watu wamfukuze barazani inapoanza. Mbwa aina ya German Shepherd na Labrador, wanaopendwa sana kwa ulinzi kuanzia Njiro na Sakina hadi Shanty Town ya Moshi, wamo katika koo zinazojulikana kuandamwa na ugonjwa huu. Wengi hulaumu vumbi la barabarani la miezi ya kiangazi, lakini utitiri ninaoutaja hukaa ndani, kwenye mazulia, magodoro na yale mablanketi ya zamani tunayomtandikia mbwa bandani bila kuyafua.

Ugonjwa huu hudhibitiwa, na kwa mbwa walio wengi hauponi. Sentensi hiyo moja ingesemwa waziwazi siku ya kwanza, mateso mengi yangepungua. Mwenye mbwa asiyeambiwa hivyo huhesabu kila mwasho unaorudi kuwa ni ushahidi kwamba daktari hajui kazi, akahamia kwa mwingine, kisha dukani, na mwisho wake ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kipimo cha kubahatisha, au kumpaka oili chafu, ambayo ni sumu ngozini na tumboni anapojilamba.

Nimeona matibabu yakiachwa kwa sababu mbili zinazopingana. Ya kwanza ni dawa kufanya kazi upesi. Vidonge vya predinisoloni hutuliza mwasho kwa muda mfupi sana, na mwenye mbwa akiona mnyama amelala usiku kucha bila kujikuna, huona kazi imekwisha na kuacha ghafla. Dawa hiyo ikitumika kwa muda mrefu, tezi zilizo karibu na figo hupunguza kutengeneza homoni yao wenyewe, kwa hiyo kuikatisha siku moja kunaweza kumdhuru mbwa vibaya. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Wapo pia wanaofanya kinyume, wakajinunulia vidonge vilevile dukani mwezi baada ya mwezi, hadi mbwa anakunywa maji kupita kiasi, ananenepa na ngozi yake inakuwa nyembamba. Sababu ya pili ni dawa kuchelewa. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya nafuu kuonekana vizuri, na chanjo za kuuzoesha mwili vitu vinavyouchokoza, pale zinapopatikana, huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kabla ya kujulikana kama zinafaa. Mtu asiyeambiwa hayo huacha katika wiki ya pili, na simlaumu.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko katika mtu anayepewa maelekezo. Katika nyumba nyingi za mji huu, mwenye mbwa ndiye anayelipa na kuzungumza na daktari, mara nyingi kwa simu akiwa kazini, lakini anayemshika mbwa kila siku ni mlinzi, kijana wa bustani au dada wa nyumbani. Huyo hakuwapo daktari alipoeleza. Anaachiwa chupa yenye maandishi ya Kiingereza na neno moja tu kwamba mbwa aogeshwe kwa dawa hii. Hajaambiwa kwamba shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hutakiwa kukaa kwenye ngozi kama dakika 10 kabla ya kusuuzwa, wala kwamba mara nyingi uogeshaji huo hurudiwa angalau kila wiki, hivyo humwagia mbwa ndoo ya maji, akampaka na kumsuuza papo hapo kwa sababu mnyama anatetemeka na asubuhi za Arusha zina baridi. Chupa inaisha, mwasho uko palepale, na shampuu inaitwa feki. Yule kijana angeelezwa yeye mwenyewe, kwa heshima na kwa lugha yake, kwamba aogeshe mchana jua likiwa limetoka, aanzie nyayoni na kwapani kwenye maradhi, na amsuuze dakika zikishatimia kwenye simu yake, dawa ileile ingeonekana ina nguvu.

Hali ni hiyohiyo kwa viroboto. Mate ya kiroboto peke yake huweza kumwasha mbwa mwenye mzio kwa siku nyingi, na katika hali yetu ya hewa viroboto hawana msimu wa kupumzika. Mabuu yao yaliyojifungia kwenye vifuko huweza kusubiri miezi kadhaa katika nyufa za sakafu na kwenye matandiko, kwa hiyo kumtibu mbwa mmoja mara moja hakutoshi. Paka wa nyumbani na mbwa wa pili nao watibiwe, na tarehe za kurudia ziandikwe ukutani.

Kuhusu chakula, daktari akitaka kujua kama mzio unatokana na mlo, mbwa hulishwa kwa wiki 8 hivi chakula kimoja alichokichagua daktari, kwa mfano nyama ambayo hajawahi kula pamoja na viazi vitamu, bila kitu kingine chochote. Kwa mbwa aliyezoea ugali na dagaa, na kwa nyumba yenye watoto wanaodondosha maandazi na mlinzi mwenye moyo wa kugawana naye chakula chake cha usiku, zoezi hili halifiki hata wiki moja. Kipande kimoja cha nyama huweza kuharibu kazi yote. Wanaompa hufanya hivyo kwa upendo, ndiyo maana waelezwe wote kwa nini wanakatazwa, watoto wakiwemo.

Binadamu wenye kisukari au shinikizo la damu hupewa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi, wakafundishwa kwamba dawa ni ya kila siku hata wanapojisikia wazima. Sioni kwa nini mbwa asipewe karatasi ya namna hiyo. Iwe na majina ya dawa, saa za kutolewa, siku za kuogeshwa, dalili za kumpigia daktari simu, na gharama inayokadiriwa kwa mwaka, ili familia ijue mapema kama itaimudu au iombe mpango wa bei nafuu. Afadhali mpango mdogo unaofuatwa kuliko mkubwa unaoachwa Februari wakati ada za shule zimemaliza fedha. Daktari naye apige simu baada ya wiki mbili, au atume ujumbe wa sauti kwa WhatsApp moja kwa moja kwa anayemhudumia mbwa, na aulize mwasho uko kiwango gani kati ya 0 na 10, maana tarakimu hiyo ikiandikwa kila wiki pamoja na picha ya tumbo na nyayo, huonyesha maendeleo ambayo jicho la kila siku haliyaoni.

Ninajua madaktari wetu ni wachache na wengine huzunguka kwa pikipiki kutoka Ngaramtoni hadi Usa River kwa siku moja, wakiwa na ng'ombe na kuku wa kuhudumia pia. Kwa hiyo napendekeza kwamba karatasi hiyo iandaliwe mara moja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ithibitishwe na Baraza la Veterinari, na kila daktari abaki na kazi ya kujaza nafasi zilizo wazi. Simu za ufuatiliaji zingeweza kupigwa na wanafunzi wa chuo cha mifugo cha Tengeru wakiwa katika mafunzo kwa vitendo. Na siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa zile za karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo mbwa wengi huletwa mahali pamoja na hao hao vijana wanaowatunza, atengwe mtaalamu mmoja wa kuangalia ngozi na kuzungumza na vijana hao wakati wanasubiri zamu.

Mfugaji wa mbwa,
Njiro, Arusha.