Mbona mchoro hakuna aliyeutaja?

Ndugu Mhariri,

Nimezisoma barua za wasomaji wenzangu kuhusu katuni za mapenzi nikabaki natikisa kichwa. Mmoja anataka hadithi isitishwe kwa kuwa mpenzi wa mhusika mkuu ana wivu uliopita kiasi. Mwingine anamtetea huyo huyo, eti wivu ndio mapenzi. Wote wanagombania maneno. Mchoro hakuna aliyeutaja.

Chukueni fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha picha, ambayo kila msomaji wa katuni hizi ameshaiona. Binti anageuka aondoke, kijana anamdaka mkono. Mchoraji mmoja ataijaza fremu maua, amtie binti haya mashavuni, na hapo ameshatuambia tushangilie. Mwingine hataweka ua hata moja. Atavichora vidole vilivyokakamaa, bega lililovutwa nyuma, kisha fremu inayofuata iwe ya mkono peke yake, bila neno. Kitendo ni kile kile. Huyu wa kwanza hata mimi nina ugomvi naye. Wa pili mkimfuta, mmemnyamazisha aliyekuwa upande wenu.

Na kuzisafisha katuni za mapenzi kulishajaribiwa. Joe Simon na Jack Kirby walianzisha jarida la Young Romance huko Marekani mwaka 1947, likauzwa sana, na utamu wake ulikuwa binti kukiri makosa yake mwenyewe (ingawa walioandika maungamo hayo wengi walikuwa wanaume!). Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni wakajiwekea kanuni: hadithi za mapenzi zikazie thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Ukishajua kwamba mwisho ni pete tu, kosa la ukurasa wa pili linakutishia nini?

Katika barua hizo, suala la utambulisho ndilo lililonikera zaidi. Eti mhusika aseme mapema yeye ni nani, asituzungushe. Kwani sisi tulijijua lini? Mwaka 1972 Riyoko Ikeda wa Japani alianza kumchora Oscar, binti wa jenerali wa Ufaransa aliyelelewa kama mtoto wa kiume, anayevaa sare na kuongoza walinzi wa malkia. Anapenda pasipopendeka, anaumia, anapenda tena, na wasomaji wanambishania mpaka leo.

Ila najua kinachowasukuma wenzangu. Ukikaa miaka hujioni kwenye katuni, siku ukijiona unataka yule wa kwenye karatasi awe na adabu, asikutie aibu mbele za watu. Mimi nilikuwa na mhusika wangu wa namna hiyo. Alipomrudia kwa mara ya nne mtu anayemdharau, nilikitupa kitabu kitandani, nikaapa basi.

Wiki haikuisha nikakiokota. Kulikuwa na fremu ndogo chini ya ukurasa niliyoipita kwa hasira: anaandika ujumbe, anaufuta, anauandika upya. Nami muda huo simu ilikuwa mkononi, ujumbe kama huo nimeufikisha nusu.

Msomaji wenu wa siku nyingi